Upepo wa Mjomba

Vipimo vilikuwa vinaharibika kila siku kabla ya saa sita mchana, na lawama zote zilitupiwa kiyoyozi. Kiyoyozi, katika jengo lile, maana yake ilikuwa mtu mmoja tu: Barafu.

Jina hilo alibandikwa na wasomi wa maabara, naye hakulikataa. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na ushee, aliyeacha shule kabla sauti haijavunjika, akashika spana kwenye karakana ya mafriji, na tangu hapo hajashindwa na chochote chenye kompresa. Majokofu ya nyama, vyumba vya chanjo, mochwari mbili, vyote vimepita mikononi mwake. Lakini chumba namba tisa kilikuwa kinamtoa jasho. Na humo ndimo alimofanyia kazi mpwa wake, binti wa dada yake mkubwa.

Kazi ya binti huyo Barafu alikuwa ameelezwa mara nyingi, na kila mara alihisi anadanganywa kidogo. Ndani ya chombo cha chuma kilichonyonywa hewa yote, atomi chache zinapigwa na miale ya leza kutoka pande sita mpaka zinapoa. Zinapoa kuliko kitu chochote alichowahi kupoza yeye, tena bila gesi, bila kompresa, bila bomba hata moja kuvuja.

"Mwanga unapasha moto, mama," alimwambia siku ya kwanza. "Huo ndio mwanga ninaoujua mimi."

Mpwa akacheka, akamweleza upya. Atomi inayokwenda mbio ndiyo yenye joto. Ukiipiga usoni kwa mwanga uliochaguliwa vizuri, inapunguza mwendo. Ikikaribia kusimama, hiyo ndiyo baridi. Hapo Barafu akaelewa, ingawa alibaki amenuna kwa ajili ya kompresa zake.

Atomi zikishatulia, inakuja leza ya pili, ile ya haraka. Inazipiga makofi mawili. Kofi la kwanza linaing'oa elektroni mahali pake, kofi la pili linakuja kutazama elektroni imefika wapi. Muda unaopita kati ya kofi na kofi hata kuutaja ni taabu: chukua sekunde moja uigawe vipande milioni, kisha kila kipande ukigawe tena mara bilioni. Vipande hivyo thelathini, arobaini, basi. Hakuna saa ya kupima muda huo. Wao wanaupima kwa umbali. Kofi la pili linapitishwa njia ndefu kidogo, kwa kioo kinachosogezwa juu ya reli, na kwa kadiri njia ilivyorefuka ndivyo linavyochelewa. Pale ambapo makofi yote mawili yanafika pamoja ndipo wanapopaita sifuri. Kila kipimo kinaanza kuhesabiwa hapo.

Na sifuri ndiyo iliyokuwa inahama. Asubuhi mpwa anaipata, anaanza kupima. Ikifika mchana imeshasogea vipande arobaini, na kila alichokipima ni takataka.

Yote hayo yangevumilika kama leza ingekuwa yao. Haikuwa yao. Ile ya haraka ilikuwa ya kuazima, imekuja kwa siku ishirini na moja, na siku ya ishirini na mbili lori lingekuja kuichukua kuipeleka chuo kingine, ambako foleni yake ni ndefu kuliko ya hospitali. Mpwa alihitaji michoro tisa ya vipimo iliyokamilika ili afunge kazi yake ya shahada ya udaktari. Siku ya kumi alikuwa hana hata mmoja.

Siku hiyo ya kumi Profesa alimwita Barafu kwenye korido. Profesa alikuwa mama mfupi, miwani ameisukuma juu ya paji la uso, mwenye sauti ya upole inayokera kuliko ya ukali.

"Bwana Fundi, sijakuita kukugombeza."

"Basi sema tu, Profesa."

"Chuma cha mita moja kikipata joto la digrii moja, kinarefuka. Kidogo sana, kama sehemu ya sita ya unene wa unywele. Unajua mwanga unachelewa kiasi gani kwa urefu huo?"

"Vipande arobaini," alisema Barafu. Mpwa alishamwambia.

"Arobaini. Na sisi tunapoteza arobaini. Kwa hiyo meza yetu inapata joto la digrii moja."

"Haipati."

Akamwongoza mpaka kwenye kioo cha namba kilichofungwa ukutani nje ya mlango. Kipimajoto chenyewe kilikuwa ndani, kando ya mlango huohuo, na hapa nje namba zilisomeka wazi: ishirini na moja nukta sifuri. Akafungua karatasi ya chati. Mstari ulikuwa umelala kama mgonjwa, tangu asubuhi hadi jioni, siku zote.

"Soma mwenyewe."

"Kipimajoto kinasema hivyo."

"Kipimajoto hakina undugu na mimi, Profesa. Kingeona joto kingesema."

Mpwa alikuwa amesimama nyuma ya Profesa na koti lake jeupe, anatazama viatu. Barafu alimtazama akitegemea neno moja. Hata nusu. Binti huyu alikaa nyumbani kwake miaka minne ya sekondari, akala naye, akamshikia tochi chini ya majokofu ya watu, akajifunza kufunga nati kabla hajajifunza kusuka nywele. Leo mjomba anasimamishwa koridoni kama mwizi wa kuku, na yeye anahesabu matundu ya kamba za viatu.

"Nitaangalia," alisema Barafu, akaondoka kabla hajasema lingine.

Lakini lilikuwepo jambo ambalo na yeye hakulisema.

Siku mbili kabla leza haijafika, alikuwa ameifungua feni ya chumba namba tisa akabadilisha puli, lile gurudumu linalozungushwa na mkanda. Upande wa feni akaweka puli ndogo, ili feni izunguke kwa kasi na upepo uongezeke. Hakuna aliyemtuma. Aliona mgeni anakuja, mashine inayokula umeme kama kinu, na mtoto wa dada yake ndiye atakayeitumia. Akaona ampe upepo wa kutosha asije akaumbuka. Kila badiliko lilitakiwa kuandikwa kwenye daftari la mitambo, lile linaloning'inia kwa kamba ndani ya mlango. Hakuandika. Kuna safu pale inayouliza nani ameomba kazi, na hakuna aliyeomba.

Sasa chati ya mtambo wenyewe, si ile ya joto, ilikuwa inaonyesha kioja. Kila siku ikifika saa mbili na nusu asubuhi, mtambo unalegea. Unapoza kwa uvivu, kama mfanyakazi ambaye bosi wake amesafiri. Jioni unajirudi wenyewe. Barafu akajua ni mkanda. Mkanda wa puli mpya unateleza. Yaani kosa ni lake, na akilitaja sasa, mbele ya Profesa, amejivua nguo hadharani. Basi kila jioni wasomi wakishaondoka alipanda ngazi, akaukaza mkanda, akaiongezea feni kasi kidogo. Kesho yake hali inakuwa mbaya zaidi. Arobaini ikawa arobaini na tano. Arobaini na tano ikawa hamsini.

Kwenda kujionea mchana haikuwezekana. Juu ya mlango wa namba tisa kulikuwa na taa nyekundu, nayo ikiwaka hakuna anayeingia, hata Profesa hapigi hodi bila kutanguliza simu. Mwale ule ukikupata jichoni, jicho ndiyo basi tena. Taa ilikuwa inawashwa saa mbili na kuzimwa kabla ya saa kumi na moja. Barafu alikuwa anaingia kabla na baada ya hapo. Chumba kile alikuwa anakijua kama mtu anavyomjua jirani ambaye kila akimwona amelala.

Siku ya kumi na mbili walikutana getini asubuhi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umelala?"

"Nimelala."

Uongo. Macho yalikuwa mekundu kama pilipili.

"Humo chumbani," alisema Barafu, akijifanya anatafuta funguo, "hakuna kitu unachokiona? Chochote?"

Binti akavuta pumzi, akafungua mdomo, akaufunga. "Hakuna, mjomba. Na wewe, kwenye mtambo?"

"Mtambo mzima."

"Haya."

"Haya, mama. Kazi njema."

Wakaachana, kila mmoja na lake kifuani.

Kesho yake dada alipiga simu. Dada hakuwa na tabia ya salamu.

"Mtoto hali."

"Mtoto ana miaka ishirini na tisa, dada."

"Hali. Anarudi, anakaa kitandani na viatu. Nimemuuliza, ananiambia sijui chuma kinapata joto. Sasa mimi nauliza, wewe si ndiye mwenye baridi?"

"Ni mimi."

"Basi mpe baridi."

"Si kama kumpa maji ya kunywa."

"Kuna baridi ya kwenda mochwari, kuna ya kwenda kwa wauza nyama, ya mpwa wako ndiyo imekwisha?"

"Dada, nafanya kazi usiku na mchana."

"Nguo ya mahafali nimeshaichukua kwa mshonaji. Imenikaa. Sitaki kuirudisha sandukuni." Akakata. Hakuna anayejua kukata simu kama dada mkubwa.

Jioni ile Barafu akaongeza kasi ya feni mara mbili ya kawaida. Alikuwa amechoka kufikiri.

Asubuhi ya siku ya kumi na sita, saa kumi na mbili na nusu, alipanda ngazi kusafisha wavu wa tundu la upepo, ule ulio juu ya meza ya chuma. Kusafisha wavu ni kazi ya mtu asiye na la kufanya, na yeye alikuwa ameishiwa na ya kufanya. Akaona kitu. Kwenye kingo nne za wavu kulikuwa na mistari ya utando, imenasa vumbi, imenyooka kama imepigwa rula. Akaigusa. Kidole kikaganda.

Gundi ya selotepu.

Alishuka. Akaangalia chini ya meza, akaangalia kwenye pipa, akaangalia nyuma ya kabati la vioo. Nyuma ya kabati kulikuwa na kadibodi tatu, zimekatwa sawasawa na wavu. Akaitoa moja akaigeuza mkononi. Kwenye pembe ya chini, mkataji alikuwa ameacha kisikio kidogo, cha kushikia wakati wa kubandua.

Barafu alikaa juu ya ngazi. Kisikio kile alikifundisha yeye. Alimfundisha binti wa miaka kumi na tano, mezani nyumbani kwake, namna ya kukata mpira wa kuziba mlango wa jokofu: pima, kata kwa wembe, na acha kisikio, atakayekuja kubandua asikuapize. Mafundi wengine wote aliowafundisha walikuwa wanasahau kisikio. Huyu hakuwahi kusahau.

Akazirudisha kadibodi nyuma ya kabati kama alivyozikuta. Akatoka, akakaa kwenye benchi la korido, mikono kifuani. Saa mbili mpwa akafika, shikamoo, marahaba, akaingia. Taa nyekundu ikawaka. Barafu akasubiri ifike saa tatu, kisha akainua simu ya ukutani.

"Ni mimi. Zima, naingia."

"Mjomba, niko katikati ya kupima."

"Katikati ya kupima nini? Takataka? Zima."

Taa ikazimika. Akaingia. Zote tatu zilikuwa juu ya wavu, moja juu ya mwenzake, zimebandikwa barabara. Aliinua mkono karibu na dari, akaufuata upepo kama mtu anayemfuata kuku. Upepo haukushuka mezani. Ulikuwa unagonga kadibodi, unageuka, unatambaa na dari, unashuka na ukuta, na kule mwisho unampiga usoni nani? Kipimajoto, kando ya mlango. Kipimajoto kilikuwa kinatetemeka kwa baridi, kinauambia mtambo inatosha, pumzika. Mtambo unapumzika. Na huku mezani chuma kinapata joto la leza polepole, kinarefuka, sifuri inakwenda zake.

Mkanda haukuwahi kuteleza hata siku moja.

"Hii nini?" aliuliza.

"Kadibodi, mjomba."

"Naona ni kadibodi. Sijapofuka. Kaweka nani?"

"Mimi."

"Lini?"

"Siku ya tano, nilipoanza kupima. Naibandika asubuhi, naibandua nikitoka."

"Unaibandua ili nisiione."

Binti akatazama viatu vyake tena.

"Kwa nini uliweka?"

"Upepo ulikuwa mkali. Ulikuwa unaitikisa miale, hakuna kinachotulia. Nilipoziba, miale ikatulia palepale. Nikajua nimepata dawa."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambiaje?" Sauti ilikuwa imeanza kupasuka. "Umefunga mtambo huu mwenyewe. Watu wote humu wanasema kiyoyozi, kiyoyozi. Halafu na mimi nije niseme mjomba, kazi yako mbaya? Mimi niliyekula kwako?"

"Ndiyo. Na wewe. Wewe hasa. Mjomba, upepo mkali. Maneno matatu. Kuna mjomba umesikia amekufa kwa maneno matatu?"

"Na Profesa alipokuita koridoni, ndiyo nikaogopa kabisa. Nikisema ya kadibodi, itabidi niseme ya upepo. Nikaona nimekuongezea."

"Kwa hiyo ukaniacha pale kama mwizi wa kuku."

"Nisamehe, mjomba."

Barafu alibandua kadibodi ya juu kwa kisikio chake. Ilitoka vizuri, bila kuchanika.

"Na hizi tatu za nini? Moja haikutosha?"

"Mwanzoni ilitosha. Lakini upepo ulikuwa unazidi kila siku. Kila nikija asubuhi umezidi. Nikaweka ya pili. Jana nikaweka ya tatu, ile ya pili ilikuwa inapeperuka." Akajifuta uso na mkono wa koti. "Hivi, mjomba, kwa nini ulikuwa unazidi?"

Barafu aliiangalia kadibodi muda mrefu kuliko kadibodi inavyostahili.

"Mimi."

"Wewe nini?"

"Nilikuwa naongeza. Kila jioni. Niliona mtambo unalegea asubuhi, nikadhani mkanda. Na huo upepo wa kwanza uliokutikisia miale, huo pia ni mimi. Nilibadilisha puli kabla leza haijafika. Nikajua unahitaji upepo mwingi."

"Nani alikuambia nahitaji upepo mwingi?"

"Hakuna."

"Kwenye daftari sikuona."

"Na kadibodi mimi sikuiona kwenye daftari."

Wote wawili wakalitazama daftari. Lilikuwa linaning'inia kwenye kamba yake, na upepo ule ule ulikuwa unalifungua na kulifunga. Kurasa nyeupe pe.

Profesa aliwakuta wamesimama hivyohivyo. Alisikiliza upande wa mjomba, akasikiliza upande wa mpwa, akashusha miwani, akaipandisha tena.

"Kwa hiyo," alisema kwa ule upole wake, "siku kumi na mbili nyinyi wawili mmekuwa mnaheshimiana ndani ya maabara yangu."

Akalifungua daftari, akawanyooshea kalamu.

"Andikeni. Wote wawili. Sasa hivi, kabla hamjagusa kitu."

Wakaandika. Kisha Barafu akairudisha puli ya zamani, akakihamisha kipimajoto kutoka mlangoni akakifunga kwenye mguu wa meza, chini kabisa ya njia ya mwale. Mpwa alimshikia tochi. Hawakuzungumza ila spana, bisibisi, nipe ile nyingine. Ilipofika saa tisa kazi ilikwisha, na chuma kikaachwa kitulie mpaka kesho.

Siku ya kumi na saba, ilipofika saa sita mchana, taa nyekundu ilizimika na mlango ukafunguliwa kidogo. Mpwa akatoa mkono nje, akaonyesha vidole viwili. Sifuri ilikuwa imesogea vipande viwili tu. Akafunga mlango, taa ikawaka. Barafu aliyekuwa benchini alinyanyuka, akaenda zake kwenye majokofu ya ghorofa ya chini, ambako hajui kama alifanya kazi yoyote siku hiyo.

Lori lilikuja siku ya ishirini na mbili, asubuhi na mapema, kama lilivyoahidiwa.

Hasara ni hii. Siku ishirini na moja: nne zilikwenda kwa kuifunga leza, kumi na mbili kwa puli na kadibodi, tano ndizo zilizofanya kazi. Mchoro mmoja unakula siku moja na robo, kwa hiyo imepatikana michoro minne, na ilitakiwa tisa. Mitano inasubiri leza irudi, na zamu yao kwenye foleni ni baada ya miezi kumi na minne. Nguo ya dada imekunjwa, iko sandukuni. Dada hajapiga simu wiki ya tatu sasa. Na kwenye daftari kuna mistari miwili, yote ya tarehe moja: wa mjomba umechelewa siku kumi na saba, wa mpwa siku kumi na moja.